Ukingo wa Kadi ya Kinsella

Benchi letu liko mbele ya duka la kufulia nguo la Mama Petrakis, Barabara ya Tanuru, upande ambao jua halifiki mpaka saa tano. Kiwanda cha chuma kilifungwa tukiwa bado na nywele zetu kichwani, na tangu hapo kazi yetu imekuwa moja: kununua kahawa kituo cha mafuta ng'ambo ya barabara, kukaa, na kubishana juu ya kadi za besiboli, zile za kale zilizokuwa zikitiwa kwenye pakiti za sigara, ambazo wengi wetu hatujawahi hata kuzishika. Jina langu ni Clement, ila hapa naitwa Posta, kwa sababu nilitembeza barua za mji huu miaka thelathini na moja na magoti yangu hayajanisamehe. Nasema mapema kwamba nimechoka. Ubishi wa benchi hili nimeusikia hadi ningeweza kuubisha peke yangu, pande zote.

Alhamisi hiyo Emmett Dombrowski alichelewa kufika, na alikuwa na bahasha mbili mkononi. Tunamwita Mrithi. Baba yake, mzee Casimir, mwendesha kreni kule kiwandani, alikuwa na kadi yenye picha ya Eppa Kinsella, mrushaji mpira wa mkono wa kushoto wa enzi za babu zetu. Wanaojua wanasema kadi za Kinsella zilizobaki duniani hazifiki arobaini. Mzee alipofariki aliacha kadi moja na watoto wawili wa kiume. Ray, yule mdogo, alitaka iuzwe wagawane. Emmett akasema ngoja kwanza, bei itapanda. Wakatukanana jikoni kwa mama yao, watu wa msibani wakisikia, kisha Ray akahamia Duluth, kule ziwani, na wembe wake wa kinyozi. Miaka kumi na tisa hawajasemeshana.

Mwaka huu, theluji ilipoanza kuyeyuka, Emmett alituambia mwenyewe, akiwa ameketi hapa hapa, kwamba amechoka kuwa na ndugu kwa jina tu. Ataipeleka kadi ikapimwe, ataiuza, nusu atampelekea Ray, na maneno yaishe. Kupimwa maana yake kuna watu ambao kazi yao ni kuimulika kadi, kuipa namba kuanzia moja hadi kumi, na kuifungia ndani ya kasha la plastiki. Kadi isiyo na namba, mnunuzi wa maana haitazami mara mbili. Akaituma. Akasubiri wiki kumi na moja, na kila asubuhi alikuwa ananiuliza mimi kama posta ya siku hizi imelala.

Sasa aliiweka bahasha ya kwanza, iliyomfikia jana na kufunguliwa tayari, juu ya benchi. Aliyeipekua ni Leonard, ambaye tunamwita Pembe, kwa kuwa hata ukimuuliza habari za mkewe atakuambia pembe za kadi zilivyo. Ndani mlikuwa na kadi ileile, bila kasha, na karatasi. Namba hakuna. Sababu ilikuwa neno moja: Imekatwa.

Kukatwa ni kwamba mtu amepitisha wembe kwenye ukingo uliochakaa ili uonekane mpya. Kadi iliyochanika vipande viwili watakupa angalau moja. Iliyokatwa hupewi kitu, unarudishiwa na neno lako hilo. Orville akatoa kioo chake cha kukuzia, kile kinachomfanya aitwe Kioo, akainama juu ya kadi muda mrefu hadi nikadhani amesinzia.

— Ukingo wa kulia, alisema. Umenyooka mno.

— Pembe zake lakini nzuri, alisema Pembe.

— Ndiyo ubaya wenyewe, bwana. Kadi ya miaka mia na zaidi, pembe nzuri kwa sababu gani?

Hapo ndipo wakaanza. Pembe alisema hakuna aliyeikata, ni mashine ya kiwanda cha sigara, maana Jumatatu wafanyakazi walikuwa wanakuja na ulevi wa Jumapili na kadi zote za siku hiyo zilitoka nyembamba. Kioo akamwambia aache utani, mashine haikati ukingo mmoja ikaacha zile tatu. Yeye alisema ni moshi wa tanuru. Barabara hii nzima, alisema, hakuna mlango uliofunga sawasawa tangu tuzaliwe, mbao zimesinyaa, itakuwa karatasi? Pembe akauliza mbona moshi ulisinyaza upande wa kulia tu. Kioo akajibu kwamba upande huo ndio uliokuwa unatazama dirisha.

Nilinywa kahawa yangu. Pembe, alipoona moshi umemshinda, akahamia kwa tajiri mmoja wa Chicago ambaye, kwa habari alizonazo yeye peke yake, ana kadi tisa za Kinsella na anawalipa wapimaji waziharibu za wengine ili za kwake zizidi kuadimika. Kioo akasema kumbe ndiyo maana ilikaa wiki kumi na moja. Wakakubaliana, jambo ambalo halijatokea tangu Pasaka, na wakaanza kupanga ni wakili gani aandikiwe.

Emmett alikuwa ameishika bahasha ya pili muda wote huo. Hakugusa kahawa.

— Ni Ray, alisema.

Wakamgeukia.

— Wiki ya msiba alilala na hiyo kadi siku mbili. Nilimpa mwenyewe, alisema anataka kuitazama. Kinyozi yule. Wembe anao, mkono wake hautetemeki. Aliikata ili siku nitakayoiuza nisipate kitu.

Akainua bahasha ya pili. Hiyo ilikuwa imefungwa, ina stempu, ina jina la Ray. Alituambia yaliyomo: kwamba amejua, kwamba alikuwa tayari kumpa nusu, na kwamba kuanzia leo yeye hana mdogo. Aliandika usiku, akaandika tena alfajiri kwa sababu ya kwanza aliona imekuwa laini. Kisha akaniuliza mimi sanduku gani la posta linafunguliwa mapema, ili barua iondoke leo leo.

Nikamjibu. Lile la mbele ya benki, saa tano u nusu. Nilijibu upesi, kama nilivyojibu watu wa mtaa huu maisha yangu yote, na maneno yalipokwisha kutoka ndipo nikasikia aibu. Ningeweza kusema sijui, mimi ni mstaafu.

Pembe na Kioo hawakuiona ile barua kabisa. Wao walikuwa wameshauvamia wembe. Pembe alisema wembe wa kinyozi unaacha ukingo ulioinama kidogo, na huu haujainama. Kioo akasema kinyozi hodari haachi alama, na kwamba vinyozi wa kule ziwani wana chama chao, wanakutana kila mwezi kukata kadi za watu kwa siri. Pembe akataka kujua wanakutana wapi. Kioo akasema angekuwa anajua isingekuwa siri.

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa mama mmoja na kapu la mashuka, anasubiri mashine imalize. Baadaye nilijua anaitwa Verna Sandoval, amehamia kwa binti yake mwezi uliopita kutoka Toledo. Sisi tulikuwa hatujamsalimia hata.

— Samahani, baba, alimwambia Emmett. Huyo Ray ni mdogo wako wa tumbo moja?

— Wa tumbo moja.

— Ana miaka mingapi?

— Sabini na nne. Emmett akafikiri. Hapana. Sabini na sita, mwezi wa nane.

— Yu hai?

Aliuliza kwa upole tu, kama mtu anavyouliza hali ya mgonjwa wa jirani. Emmett akanitazama mimi, kwa kuwa Posta ndiye ajuaye. Nami nilikuwa sijui. Habari za Duluth zilikuwa zinaletwa na shangazi yao Loretta, kila Krismasi, kwamba Ray amehama nyumba, Ray amefunga duka lake la kunyoa, Ray anatembea na mkongojo. Loretta tulimzika miaka mitatu iliyopita, na hata mazishini Ray hakuonekana. Sote tulisema ni kiburi. Pembe hata alikitolea hotuba kiburi hicho, palepale makaburini.

— Angekuwa amekufa tungesikia, alisema Pembe.

— Kwa nani? Kioo alimuuliza.

Pembe akaangalia kikombe chake. Mimi nikahesabu kichwani watu ambao wangeweza kutuletea habari, mmoja mmoja, kwa anwani zao kama ninavyowakumbuka, na wote nilikuwa nimeshawasindikiza makaburini. Nikamuuliza Emmett hiyo anwani ya kwenye bahasha ameitoa wapi. Akasema kwenye daftari la Loretta. Nikamuuliza namba ya simu. Akatikisa kichwa.

Mashine ya yule mama ikalia ndani. Hakuinuka. Kadi ya Kinsella ilikuwa bado juu ya benchi, bila kifuniko, upepo unaichezea kidogo, na hakuna kati yetu aliyenyoosha mkono kuizuia. Ng'ambo ya barabara gari la posta likasimama mbele ya benki. Msichana wa siku hizi akashuka, akafungua sanduku, akamwaga barua kwenye mfuko wake wa turubai, akalifunga, akaondoka. Emmett alimtazama mpaka gari likapinda kona. Bahasha alikuwa ameishika kwa mikono miwili.

— Ray alikuwa na kifua kibovu, alisema. Toka mtoto. Mama akienda zamu ya usiku alikuwa ananiambia, Emmett, akikohoa mfunike.