Shemeji, Kilima na Lori la Kokoto

Mama mwenyekiti, ahsante kwa kunipa nafasi, ingawa umenipa baada ya pilau, wakati ambao hata mimi nisingependa kujisikiliza. Wazee wangu, shikamooni. Wengine wote, habari za mchana. Nimeambiwa niseme nilivyoanguka na nilivyoinuka, nisitaje jina la mtu, na nisirefushe. Mawili ya kwanza nitayatimiza.

Wengi wenu mnanijua kama yule mama wa kilimani. Kwa wageni waliojiunga karibuni: kilima chenyewe ukikitaka, unapita Kisesa kama unakwenda Magu, kisha unakata kushoto kuelekea upande wa ziwa. Ni mawe juu ya mawe, mengine makubwa kuliko ukumbi huu. Mimi ni Mkerewe niliyeolewa Usukumani. Mume wangu alipofariki aliniachia watoto, redio, na ruhusa ya ukoo wake kutumia kilima. Sikilizeni vizuri, sikusema aliniachia kilima. Nilichokuwa nacho ni ruhusa, na ruhusa hutolewa na hunyang'anywa.

Nina shahada ya utalii. Iko ukutani ndani ya fremu, na mpaka leo fremu ndiyo iliyofanya kazi zaidi. Kwa shahada hiyo nilijenga nyumba tatu za msonge pale juu, na wageni kutoka ng'ambo, wakiwa njiani kwenda Serengeti, wakawa wanalala usiku mmoja. Asubuhi wanakunywa chai, wanatazama ziwa, wananiambia, "Mama, kwako kuna ukimya wa ajabu." Nilisikia neno hilo mara nyingi hadi nikaamini kuwa biashara yangu ni kuuza ukimya.

Korona ikaja. Ndege zikaacha kuleta watu. Ukimya ukabaki peke yake, na ndugu zangu, nawaambia, ukimya usio na mnunuzi unapiga kelele sana.

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, ndiye msemaji wa ukoo kwa mambo ya ardhi. Analima pamba na mpunga, na ni manju, yaani mtunzi na kiongozi wa kundi la ngoma. Alipanda akanikuta nafagia mbele ya nyumba ambazo hakuna mtu alikuwa amezichafua.

"Shemeji, hao wageni wako wamefunga mpaka lini?"

"Sijui, shemeji. Hata wao hawajui."

"Mawe hayajafunga," akasema.

Nikaelewa. Mfanyabiashara mmoja wa kokoto alikuwa ameshazunguka kilimani na kopo la rangi nyeupe, akaweka alama kwenye mawe yatakayopasuliwa kwanza. Alikuwa amekubaliana na ukoo hivi: mpunga ukishavunwa, kama kilima bado hakina watu, lori linaingia. Nisiwadanganye kwamba nilikuwa na haki yote upande wangu. Kulikuwa na akina mama pale chini, watoto wako nyumbani, shule zimefungwa, wanaingoja kazi ya kuponda kokoto kama wanavyongoja mvua. Mimi ningesema nini? Nilisema jiwe likishapasuliwa haliungiki. Shemeji akasema na ukimya hauliwi. Tukaachana kwa heshima, kila mmoja na ukweli wake.

Basi msomi akaamka. Kama watu wa mbali hawaji, nitawaita wa karibu. Wafanyakazi wa viwanda vya Nyakato, walimu, watu wa mjini waliochoka kukaa ndani. Nikatengeneza tangazo, nikaweka picha ya machweo, nikaandika kwa herufi kubwa: NJOO UPUMZIKE. HAKUNA WATU. HAKUNA KELELE. Nikalituma kila kundi la simu nililomo, hadi kundi la wazazi wa darasa la saba. Nikakaa kungoja.

Rafiki yangu wa Nyakato ndiye aliyejibu kwanza, kwa kunipigia simu, na nyuma yake nasikia mashine ya kiwandani.

"Dada, nimesoma tangazo lako. Hakuna watu, hakuna kelele. Kwani huko kumetokea nini?"

"Hakujatokea kitu. Ni mahali patulivu."

"Patulivu kama kuna msiba?"

"Hapana, bwana."

"Ndiyo nashangaa. Maana hata msibani kuna watu."

Mnacheka. Mimi sikucheka. Nilimwona hajui utalii, nikamtumia picha nyingine ya machweo.

Aliyekuja alikuwa mmoja tu na familia yake. Ni mzee mwenye duka la vitambaa mjini, Mhindi wa Mwanza ambaye ukoo wake ulikuwa unauza kanga hapa kabla babu yangu hajajua kuvuka maji. Alikuja na mkewe na wajukuu waliokuwa wamefungiwa ghorofani hadi wanapanda makabati. Wameshuka na vyakula vyao, barakoa zao na sabuni yao. Nikawakalisha mahali pazuri kabisa, nikawaachia ukimya kama nilivyofundishwa, nikajificha jikoni.

Jua likapanda. Yule bibi akaja hadi mlangoni kwangu.

"Mama, pazuri. Upepo mzuri. Sasa watu wako wapi?"

Kabla sijamjibu, ngoma ikalia pale chini. Lilikuwa kundi la shemeji likifanya mazoezi uani kwake, kwa sababu mwaka ule mashindano yalikuwa yamesimama na miguu ilikuwa inawawasha. Bibi akaacha sentensi yake hapohapo. Akachukua kiti, akakiburuta hadi ukingoni mwa jiwe, akakaa. Wajukuu wakamfuata. Mzee naye akaja na sahani mkononi. Wakakaa pale hadi jasho la wachezaji likawakausha wao koo.

"Wewe mama una shule," akaniambia yule bibi wakati wa kuondoka, "lakini umetuonyesha mawe siku nzima na starehe umeificha nyuma ya nyumba."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipofunguka masikio. Nilikuwa natangaza kwa Wasukuma kwamba kwangu hakuna watu! Nyie mnajua, mimi Mkerewe ndiye nilichelewa kujua. Ngoma zenu hazina majaji wenye kalamu. Makundi mawili yanacheza uwanja mmoja, wakati mmoja, na watu wanakimbilia kunakonoga. Mwenye umati ndiye mshindi. Kwa watu wa namna hiyo, mahali pasipo na watu ni mahali palipokwisha kushindwa. Na mimi nimeliandika hilo kwa herufi kubwa na picha ya machweo!

Nikashuka mbio kwa shemeji. Nikamwambia, walete mahasimu wako wa ng'ambo ya barabara, mcheze kilimani, nami nitaita mji mzima. Macho yake yakawaka, kisha yakazimika.

"Umati, shemeji. Mtendaji hataki umati."

Kweli mtendaji wa kijiji alipoitwa alisema hivyohivyo. "Korona hii. Nikiona watu wanakimbizana huku na huku, nafunga. Kila familia ikae peke yake, na ikishakaa isihame."

"Wasipohama," shemeji akauliza, "tutajuaje nani kashinda?"

Manju wa upande wa pili alikuwepo, mwembamba, mwenye ulimi. Akatabasamu. "Mimi nitajua. Nitaona migongo ya watu wako."

Alisema kwa kejeli tu. Lakini wote tukatazamana, halafu tukatazama kilima. Mawe yako katikati. Huku kuna uwanda, kule kuna uwanda. Kila familia ikae juu ya jiwe lake, kundi moja mbele yao, jingine nyuma yao. Hakuna anayehama. Unageuka tu. Atakayepewa migongo mingi kashindwa. Mtendaji akafikiri, akasema migongo haiambukizi. Tukapeana viwiko badala ya mikono.

Nikaandika tangazo jipya: KELELE ZIPO. WATU WAPO. JIWE LAKO LIPO. Rafiki yangu wa Nyakato akajibu kwa neno moja: "Tunakuja."

Na walikuja! Walikuja na pikipiki, walikuja na magari ya kukodi, wengine kwa miguu kutoka Kisesa. Chini tuliweka ndoo za maji na sabuni, na wale akina mama waliokuwa wanangojea kokoto wakawa wanauza michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, maziwa mgando na sato wa kukaanga. Mama mmoja kutoka mjini alinishika kiwiko kunipongeza. "Mmejipanga. Kila familia imewekewa alama kwenye jiwe lake." Alikuwa anaonyesha rangi nyeupe ya mtu wa kokoto. Watu wote walikuwa wamekaa juu ya mawe yaliyohukumiwa kupasuliwa, na wameridhika. Nikamwambia ahsante, tunajali afya.

Ngoma zikaanza. Nikisimama juu ya jiwe la juu kabisa, nilikuwa naona vichwa tu vikigeuka, huku, kule, huku, kama shamba la alizeti lenye majua mawili. Shemeji yangu anajua kucheza, Mungu ampe miaka. Alivaa manyoya, akaruka hadi vumbi likamficha, na mawe yote yakamgeukia. Nikawa napiga vigelegele peke yangu, nimesahau shahada. Yule bibi wa duka la vitambaa alikuwa amesimama juu ya jiwe lake, wajukuu wamemshika sari asianguke.

Kisha manju mwembamba akanyamazisha ngoma zake zote isipokuwa moja. Akaimba. Aliimba Kisukuma, nami nawaletea kwa Kiswahili, utamu umepungua njiani:

"Mwenye kilima anauza kilima,
anakiuza vipande, anakiuza vumbi.
Leo anacheza juu tunamwona.
Kesho atacheza shimoni, nani atamwona?"

Kwanza alicheka mzee mmoja. Kisha jiwe zima la Nyakato. Kisha kilima chote kikageuka kwa wakati mmoja, na shemeji yangu, katikati ya mruko, akapewa migongo. Mimi mwenyewe, nasema kweli, niligeuka.

Alimaliza kucheza. Hakuacha katikati, hilo nampa. Lakini alishuka kilima bila kuaga mtu.

Sikulala vizuri. Mpunga ulikuwa umeshavunwa, na nilimwaibisha msemaji wa ukoo mbele ya mji mzima, tena juu ya ardhi yake. Nikajiambia nimechelewesha lori kwa siku moja tu.

Asubuhi likaja kweli. Nikalisikia likipanda, nikashuka nikiwa na kanga na kandambili, bila hoja yoyote kichwani. Nikamkuta shemeji ameshafika. Amesimama katikati ya njia, mikono nyuma.

"Rudisha lori," akamwambia mtu wa kokoto.

"Mzee, si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana kabla sijaimbwa."

"Ule si wimbo tu, mzee wangu?"

"Kwako wewe ni wimbo. Ukichukua jiwe hata moja leo, yule mwembamba atakuwa amesema kweli, na wajukuu zangu watauimba." Akanigeukia mimi. "Shemeji, marudiano lini?"

Ndugu zangu, nilikuwa nimeandaa vikao, nimeandaa maneno ya mazingira na vizazi vijavyo. Havikuhitajika. Kilima kilisimama kwa sababu mwanaume mmoja hakukubali kushindwa mbele za watu. Nikataja Jumapili ya mwisho wa mwezi kabla hajabadili mawazo.

Marudiano akashinda yeye. Basi mwembamba naye akataka marudiano ya marudiano. Mnaelewa wenyewe kwamba jambo hili halina mwisho, na mimi sina mpango wa kulitafutia. Shule zikafunguliwa, ndege zikarudi, lakini watu wa Mwanza walikuwa wameshazoea mawe yao. Kuna familia ukikalia jiwe lao wanakuomba uhame. Wageni wa ng'ambo nao wanakuja. Mmoja aliniuliza kama kuna siku tulivu. Nikamwambia ipo, ila hutaipenda.

Sasa nishukuru. Nakishukuru kikundi hiki, kilichonipigia simu wakati sina cha kuleta kikaoni, mkasema njoo tu ukae. Namshukuru yule bibi aliyeburuta kiti. Namshukuru mtendaji, aliyetuwekea masharti magumu hadi tukalazimika kuwa na akili. Nawashukuru akina mama wa michembe, ingawa wawili kati yao bado wananiambia kokoto ingelipa haraka zaidi, na huenda ni kweli. Namshukuru mtu wa kokoto, aliyegeuza lori tupu kwenye njia nyembamba bila kumtukana mtu, na baadaye akaja na wanawe, akalipa kiingilio kama wengine.

Somo langu ni fupi. Ukitaka kumwuzia jirani yako kitu, mwulize yeye anapenda nini. Usimpe sifa ulizopewa na wapita njia. Mimi hilo nilifundishwa chuoni, nikalijibu vizuri kwenye mtihani, na bado nilihitaji bibi mwenye kiti.

Jumapili hii shemeji anacheza tena. Amenunua manyoya mapya na haongei na mtu. Nawaomba mumwombee afya, mumwombee miguu, mumwombee sauti. Ushindi mumwombee kidogo tu, ule wa kumwacha mwenzake na hasira.