Mama Uzi na Matiti ya Rangi Saba

Ijumaa, tarehe 29 mwezi huu, mratibu wetu anastaafu baada ya kukitumikia kikundi chetu cha akina mama kwa miaka ishirini na sita. Jina la kwenye kitambulisho chake tumeshalisahau. Hata mumewe humwita Mama Uzi.

Alikuja kwetu kama ofisa wa maendeleo ya jamii, ametumwa kwa wiki moja tu atusaidie kuandikisha kikundi. Wiki ikaisha, akasema kuna kikazi kidogo kimebaki. Hicho kikazi mpaka leo hatujaambiwa ni kipi.

Ikumbukwe kwamba alipofika hakujua hata kushika sindano za kufumia. Kofia yake ya kwanza, aliyoifuma kwa ajili ya watoto njiti wa wodi ya wazazi, ilitoka kubwa mno. Muuguzi aliipokea kwa heshima zote, akaivalisha chupa ya chai. Mama Uzi alicheka mpaka akashika ukuta, akairudisha ukumbini tunakokutania, akaifumua, akaanza upya. Siku hizi hakuna njiti anayetoka wodi ile kichwa wazi, na mablanketi yetu ya viraka yanagombewa na wazee wa nyumba ya kulelea wazee kama vile yanatoa bahati.

Lakini sifa zake zilivuka mtaa kwa jambo jingine.

Muuguzi yule yule alikuja siku moja kutulilia shida. Akina mama walikuwa wanafika hospitali uvimbe kwenye titi umeshakuwa mkubwa. Mabango yamebandikwa, lakini nani atayasoma mbele za watu? Semina imeitishwa, wote wametazama sakafu. Tukiwa bado tunasikitika, Mama Uzi akasimama.

"Kama tunaona haya kushika yetu," akasema, "basi tufume ya kushika!"

Ukumbi ulilipuka. Mshona mashuka wetu alianguka na kiti chake cha plastiki, tukashindwa kumwinua kwa kicheko. Kazi ikaanza siku hiyo hiyo, kwa mabaki ya sufu: kijani, zambarau, manjano, rangi yoyote iliyokuwepo. Kila titi lilijazwa pamba, na ndani yake ikafichwa shanga moja, ili anayejifunza aitafute kwa vidole. Bibi mmoja aligoma kufuma mpaka tulipokubali yawepo na ya kizee. "Na sisi tumo," alisema.

Baada ya masomo machache matiti yale yalichafuka, tukayafua, tukayaanika nyuma ya ukumbi. Hapo ndipo balaa lilipotukuta. Kwenye gereji ya jirani kazi ilisimama. Fundi mmoja alijigonga kichwa kwenye boneti. Msimamizi wa ukumbi, askari mstaafu tunayemwita Afande, akaja mbiombio.

"Anueni haya mambo sasa hivi! La sivyo, leteni funguo na mtafute ukumbi mwingine!"

Tukanywea. Pengine pa kwenda hatukuwa napo. Mama Uzi akachomoa la zambarau kwenye kamba, akamwekea kiganjani.

"Ndani kuna shanga, Afande. Itafute. Ukiipata, tunaanua na funguo tunakupa."

Afande akatafuta, gereji nzima ikimtazama, jasho likimtiririka. Akaminya huku, akaminya kule. Ghafla vidole vikatulia.

"Ni ndogo hivi?"

"Ndogo hivyo hivyo. Mkeo anajua kuitafuta?"

Funguo hakuzidai tena. Aliliviringisha lile la zambarau kwenye gazeti, akaondoka nalo kwapani.

Mkewe, Mama Afande, ametusimulia kwamba alipolifungua alicheka mpaka machozi. Kisha, akiwa bafuni, akajipapasa kama mumewe alivyomwelekeza, na akakuta kitu. Asubuhi yake Afande alikuwa mlangoni kwa Mama Uzi. Mama Uzi hakumwachia muuguzi kazi ya kuwasindikiza. Alikwenda nao hospitali, akakaa nao kwenye benchi siku ya vipimo, na siku ya upasuaji pia. Mama Afande akianza kutetemeka, alipewa sindano na uzi na kuambiwa, "Fuma, shoga yangu. Usihesabu, fuma tu." Kilichotoka hakikuwa kofia wala soksi, lakini madaktari walisema amewahi. Na kweli amepona.

Sasa somo la afya hulifundisha Mama Afande mwenyewe. Mfuko wa matiti hubebwa na Afande, kifua mbele, na akimsikia mtu anachekelea hunguruma, "Cheka, lakini tafuta!"

Tulipomuuliza Mama Uzi atafanya nini akistaafu, tulitegemea atasema atapumzika. Amesema atajifunza kuendesha baiskeli, jambo alilolitamani tangu utotoni. Mumewe ameshanunua baiskeli. Amenunua na plasta.

Mama Uzi, mjini humu wako wanawake wanaokwenda sokoni, wanaogombana na wakwe zao, wanaocheza na wajukuu, kwa sababu yako, na wengi wao hata sura yako hawaijui. Kwa niaba yao, asante. Sisi tunaoijua tunakushukuru mara mbili, mbavu zikituuma. Uishi vizuri, uishi sana, na ukifika kwenye mteremko, mama, shika breki!