Shangazi na Jaribio la 340

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa kumi alasiri, Shangazi atarudisha ufunguo wa chumba namba sita na kustaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja. Waandaaji wa kijarida cha sherehe ya kumuaga waliniomba ukurasa mmoja wenye bashasha. Nimefanya kazi naye meza kwa meza miaka kumi na minne, na bashasha imegoma kuja. Mtanisamehe.

Jina la Shangazi hakulipata kwa umri. Aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na tisa, mdogo kuliko karibu wote idarani, na wiki ya kwanza alimrudishia mkuu wa idara programu yake ikiwa na wino mwekundu kila ukurasa. Jina likamganda. Leo hata mkurugenzi humwita hivyo, naye huitikia kwa sauti ya mtu aliyekatizwa jambo la maana, na kwa kawaida ni kweli amekatizwa.

Kwa wenzetu wa idara nyingine ambao mmekuwa mkipita mlangoni mkijiuliza huyu mama anafanya nini, fikirieni mlango wa lifti. Ufunguke au usifunguke? Lifti imesimama? Imelingana na sakafu? Kuna aliyebonyeza kitufe? Kila swali lina njia mbili, ya ndiyo na ya hapana, na kila njia mwisho wake ni jibu. Chora kila swali kama duara lenye mishale miwili, umepata mchoro wa maamuzi. Maswali matatu hata mtoto atachora. Yakifika mia tatu, karatasi hazitoshi, na hapo unahitaji programu inayojua kuukunja mchoro ili sehemu zinazofanana zichorwe mara moja tu. Shangazi alianza kuiandika programu hiyo miaka kumi na tisa iliyopita, kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, iwe maktaba ambayo wengine wataichukua na kuitia ndani ya programu zao. Leo inatumika kukagua lifti, taa za njia panda na mashine za hospitali.

Neno maktaba liliwahi kutuletea rafu za vitabu. Shangazi aliandika barua ya kuomba vifaa vya maktaba, mtu wa bohari akaleta rafu nne za mbao na ngazi ndogo. Shangazi alizipokea, akasaini, akarudi kwenye kompyuta yake. Ngazi ipo hadi leo, na ndiyo tunayopandia kubadilisha taa.

Rafu nazo zilijazwa na Penseli. Wageni hamkumjua. Alikuwa mjaribu wa maktaba, mtu mrefu, mpole, mwenye penseli sikioni hata wakati wa kula. Shangazi alijenga, Penseli alibomoa, na utaratibu wao haukuwa na mfano. Hakuna kitu kilichoingia kwenye maktaba mpaka Penseli achore jibu lake kwa mkono bila kutazama kompyuta. Kisha mchoro wake na ule wa mashine ilibandikwa mmoja juu ya mwingine kwenye kioo cha dirisha, mwanga upite, waone kama maduara yanalingana. Maswali matatu ya ndiyo na hapana yana michanganyiko minane ya majibu, na kanuni za maamuzi zinazoweza kujengwa juu yake ni mia mbili hamsini na sita. Penseli alizichora zote. Siku moja duara moja lilizidi, wakasaka kosa siku mbili nzima, maktaba ikafumuliwa na kushonwa upya. Kumbe lilikuwa alama ya kikombe cha chai.

Nasimulia hili ili mjue walivyopendana kikazi, maana linalofuata si zuri.

Sheria ya maktaba ni kwamba anayehitaji duara alishike, na akimaliza aliachie. Duara lisiloshikwa na yeyote hufagiwa, nafasi yake ikapewa lingine. Miaka kumi na moja iliyopita Penseli alileta jaribio la 340 kwenye karatasi moja, mistari kumi na minane tu. Linauliza swali, linapokea jibu, linaliachia. Linangoja kufagia kupite. Kisha linauliza swali lile lile tena. Majibu mawili hayakufanana, na Penseli alisema maktaba ina kosa.

Shangazi alilisoma mara moja akasema kosa ni la jaribio. "Jibu umeliachia mwenyewe, halafu unalidai."

"Silidai la zamani," Penseli alisema. "Nauliza upya."

Alirudia maneno hayo mara tatu, polepole, na kila mara Shangazi alipandisha sauti. Ilikuwa Jumatano kabla ya chakula cha mchana, nasi tulikuwa watano chumbani. Mwishoni alimwambia kwamba kama amechoka kufikiri, aende nyumbani akapumzike. Penseli alichukua koti lake, akatuaga kama kawaida, akaenda. Alhamisi asubuhi, akivaa viatu aje kazini, moyo wake ulisimama.

Wiki mbili baada ya mazishi toleo jipya la maktaba lilitakiwa kutoka, na jaribio la 340 lilikuwa linaanguka. Niliongeza mstari wa kuiambia mashine iliruke. Mkono ulioliziba jaribio lile ni wangu, na naliandika hapa kwa kuwa sherehe nzima itamtazama yeye. Tangu siku hiyo kila ukaguzi umemalizika kwa maneno yale yale: yote yamepita, moja limerukwa. Mara nne nilishauri tulifute kabisa. Mara zote alinijibu, "Liache. Halili chakula chako."

Kazi iliendelea, na ilikuwa kazi kubwa. Alifundisha watu ishirini na watatu, baadhi yao sasa ni mabosi wa mahali pengine na bado wanamwogopa. Hakuwahi kuruhusu toleo litoke likiwa na onyo hata moja la kompyuta. Kwake onyo lilikuwa kama mtoto anayelia chumba cha pili, huwezi kusema utamwona kesho. Lakini baada ya Penseli hakubandika tena karatasi kwenye dirisha. Alama za gundi bado zipo kwenye kioo. Wafagizi walikatazwa kuzisugua, na hakuna aliyeuliza sababu.

Mwezi uliopita alianza kutuandalia daftari la makabidhiano: kila jaribio sentensi moja, linakagua nini na kwa nini. Majaribio ni mia nne na kumi na mawili. Jumanne moja alifika la 340. Aliandika, "Jaribio hili si sahihi kwa sababu," akasimama. Nilikwenda kula, nikarudi, sentensi ilikuwa pale pale. Kisha alifanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya: alitoa penseli akaanza kuchora kwa mkono, hatua kwa hatua, alivyokuwa akichora marehemu.

Maktaba huweka kumbukumbu ya majibu, isikokotoe jambo moja mara mbili. Ikifagia, lazima na kumbukumbu hiyo ifutwe, kwani majibu yake yanaelekeza kwenye maduara yaliyokwisha kuondoka. Shangazi alikuwa ameifuta kila mahali isipokuwa mahali pamoja tu: pale jedwali la maduara linapojaa, likapanuliwa, na kufagia kukafanyika humo humo. Jibu la zamani lilibaki, likielekeza kwenye nafasi yenye mpangaji mwingine. Ni kama kubisha hodi, akakufungulia asiyehusika. Jaribio la 340 lilianza na jedwali dogo; wateja wetu hutenga kubwa tangu mwanzo, ndiyo maana kosa hilo halikumdhuru mtu. Tumewapigia wote na wamekagua upya. Kulisahihisha kulichukua mstari mmoja.

Aliufuta ule mstari wangu wa kuruka, akaendesha majaribio yote. Mia nne na kumi na mawili yamepita, sifuri yamerukwa. Nilitaka kupiga makofi, nikamwona anasukuma kibodi kando. Alilia pale pale mezani, mikono yote miwili juu ya ile karatasi. "Alikuwa anauliza upya tu," alisema. "Nilimsikia. Mara tatu nilimsikia."

Majuto ni mjukuu, huja baadaye, na huyu alichukua miaka kumi na moja njiani.

Jumamosi iliyofuata aliniomba nimpeleke kwa mjane wa Penseli, ambaye sisi sote humwita shemeji. Alibeba mchoro ndani ya bahasha. Alieleza yote akiwa amesimama, akakataa kiti mpaka amalize, na mwisho akaomba msamaha. Shemeji hajui lugha ya C wala hataki kuijua. Aliutazama mchoro.

"Mchana ule alirudi anacheka," alisema. "Akaniambia, leo Shangazi kanifukuza, lakini karatasi nimemwachia. Nikamwambia, ataitupa. Akasema hawezi, yule hata akikasirika lazima arudi kuangalia." Alimvutia kiti. "Sasa umeangalia. Kaa basi."

Akakaa. Sijui kama maneno yale yalimpunguzia au yalimwongezea. Tulipofika kwake, kabla ya kushuka garini, aliniuliza kama nimefunga dirisha la chumba namba sita.

Daftari limekamilika. Nililifungua jana. Kwenye 340 sentensi ya mwanzo imekatwa, na chini yake ameandika: "Jaribio hili ni sahihi. Aliyekosea ni mimi. Msiliruke." Mchoro wa penseli umebandikwa kwenye kioo, juu ya alama za zamani za gundi, na shemeji atakaa safu ya mbele siku ya Ijumaa.

Shangazi, kwa niaba ya wote uliowafokea wakawa mafundi, asante. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na asubuhi zisizo na haraka. Jumatatu nitafungua chumba namba sita peke yangu, na nakujua na najijua, kabla ya saa nne nitakuwa nimekwama na nitakupigia simu. Usiseme tumeshakuachia halafu tunakudai. Hatukudai kitu, Shangazi. Tutakuwa tunauliza upya.