Mzee Rula na Vilele Vilivyogandana

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mkuu wa maabara yetu ya kupima ubora wa dawa anastaafu. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu wake kwa kuwa meza zetu zimetazamana muda mrefu. Imeniomba pia niwe mchangamfu. Nitajitahidi.

Alianza kama fundi msaidizi, akapanda vyeo upesi, maana hakuwahi kuchelewa kazini wala kumpinga bosi. Tulimwita Mzee Rula, naye akadhani ni sifa.

Jina lilitokana na vidonge vya moyo. Molekuli za dawa hiyo ni pacha, mmoja ni sura ya mwenzake kwenye kioo. Mmoja hutuliza mapigo ya moyo, mwingine huyavuruga, kwa hiyo huyo anaruhusiwa kidogo sana. Mashine ya kromatografia ikiwatenganisha vizuri, kila pacha huchorewa kilele chake kwenye mchoro. Yetu ni kuukuu. Vilele hutoka vimegandana, kile kidogo cha pacha mbaya kikitangulia, mkia wake umejificha chini ya kile kikubwa. Mzee Rula alichukua rula ya plastiki, akashusha mstari bondeni kati ya vilele viwili, basi, kazi imekwisha. Mkia uliobaki ng'ambo ya mstari ulihesabiwa kuwa dawa nzuri.

Tukamletea kemometriki, yaani hesabu za kompyuta za kusoma michoro kama hiyo. Tuliandaa michanganyiko ya pacha hao kwa viwango tunavyovijua, tukaipitisha mashineni, kompyuta ikajifunza jinsi umbo zima la mchoro linavyobadilika pacha mbaya anapoongezeka. Hakuna cha kukata. "Huo uganga wa kompyuta," akasema, "mimi nina macho." Macho yenyewe yalikuwa yakitafuta miwani iliyo kichwani pake. Wakurugenzi wakacheka naye, wakampa ngao ya Mtaalamu wa Usahihi. Ipo ukutani, imetundikwa upande.

Mwaka jana mkewe, shemeji yetu mcheshi anayetuulizia watoto kila akipiga simu, aliandikiwa vidonge vilevile. Mzee Rula akanifuata chumba cha mizani, akafunga mlango, akatoa chupa mfukoni. "Hebu vipitishe kwenye ile... ile kompyuta yenu. Ni vya mama watoto." Vilikuwa vya toleo, yaani mkupuo mmoja wa kiwandani, alilolipitisha mwenyewe kwa rula. Nikapima. Pacha mbaya alikuwa karibu mara mbili ya kiwango kinachoruhusiwa. Akaisoma tena namba ya toleo kwenye chupa, nami kwa mara ya kwanza nikamhurumia.

Huruma hiyo haikufika jioni. Alikwenda duka la dawa, akambadilishia mkewe chupa ya toleo jingine, akarudi na kuniambia, "Yameisha hayo. Yabaki kati yetu." Toleo lile lilikuwa bado madukani, watu wanalinunua. Nikapanda ngazi kwa mkurugenzi na matokeo mkononi, nikakaa ofisini mwake hadi amri ya kulirudisha ilipotoka. Mzee Rula hakuulizwa kitu. Walisema anakaribia kustaafu, tusimharibie.

Sasa ni wakati wa shukrani. Asante, Mzee, kwa kuiamini kompyuta yetu mara moja, kwa chupa moja. Tunakutakia maisha mema wewe na shemeji. Tunawatakia hayohayo wote waliokuwa wakimeza vidonge vile siku ulipombadilishia yeye peke yake.