Jina Mgongoni mwa Namba Kumi na Moja

Benchi la juu kabisa, kona ya kaskazini ya Ukumbi wa Hoke, halina namba wala mwenyewe, lakini mtu wa Tarkwell anayejipenda hathubutu kulikalia siku ya mechi. Ni kijiwe cha wazee watatu. Orville Stuckrath, aliyesambaza barua mjini hapa mpaka magoti yakagoma, wanamwita Posta. Merle Yoder wanamwita Shemasi, kwa sababu Jumapili anapitisha sahani ya sadaka kanisani na Jumamosi anawatukana marefa kwa maneno ambayo mchungaji wake hayajui. Arlene Fouts ni Daktari, ingawa wagonjwa wake wote walikuwa ng'ombe, na yeye ndiye mwenye chupa ya kahawa. Ukumbi wenyewe, wa mpira wa kikapu wa chuo cha mji huu, ni jengo la matofali lenye umbo la ghala la mahindi. Madirisha yako huko juu karibu na paa, na mbao za kukalia zimelainishwa na makalio ya vizazi vinne. Nje theluji, ndani joto la mabomba na harufu ya bisi. Mchana huo walikuja wachezaji wa Chuo cha Lindenau kutoka Ohio, na ubishi ulianza kabla mpira haujarushwa.

— Hawa hawatoki leo, alisema Shemasi. Mgeni akirusha mtupo huru kwenye goli hili la chini yetu, hapati. Ni jua lile la dirishani. Linamchoma machoni.

— Na mechi za usiku je? aliuliza Daktari. Acha zako, Merle. Ni sakafu. Pale kwenye mstari pana ubao umekufa. Mpira ukidundwa pale unarudi umechoka, na anayeudunda anachoka nao.

— Ubao utamchosha mtu?

— Ng'ombe akisimama kwenye zege siku nzima anachoka. Mtu ni nani?

— Basi tuseme ni njiwa wa kwenye paa. Njiwa wale ni wa Tarkwell, wamezaliwa humu. Mgeni akiinua macho kutazama goli, wanamkodolea.

Wakamgeukia Orville atoe hukumu, maana neno la mwisho lilikuwa lake siku zote. Yeye hushikilia kwamba ni miguu. Mgeni akisimama kwenye mstari, ukumbi mzima hupiga miguu juu ya mbao mpaka vumbi la paa linashuka, na wa kwanza kuanza ni Orville mwenyewe. Wanafunzi wa leo, na baba zao kabla yao, hugeuza shingo kutazama ile kona wakisubiri guu la Posta lishuke.

Lakini Orville hakuwa anasikiliza. Wachezaji wa Lindenau walikuwa wamevua mashati ya kupashia mwili, na namba kumi na moja amewapa mgongo.

— Posta, lile si jina lako lile? alisema Shemasi.

— Kina Stuckrath wako wengi.

— Wako wengi wapi? Kitabu cha simu cha kaunti hii ulikuwamo peke yako, na wewe ndiye uliyekuwa unavipeleka majumbani.

— Labda ni wale wa Ohio wenye kiwanda cha soseji, alisema Daktari.

— Soseji gani! Hii ni hila, Arlene. Wamegundua kelele za humu zinaanzia kwa Posta. Wakakaa kikao. Wakasema tumtafute kijana mmoja, tumshonee jina la mzee mgongoni, mzee achanganyikiwe, asipige miguu.

— Chuo kizima kikae kikao kwa ajili ya mtu aliyestaafu posta?

— Hujui hasira za watu wa Ohio wewe.

Daktari hakucheka. Aliweka kikombe gotini, akamfuata kijana kwa macho kutoka goli mpaka goli.

— Mtazame anavyokimbia, akasema. Vidole vya miguu vinatazamana. Mimi ndama nilikuwa namjua baba yake kabla hajainua kichwa. Orville, yule ni wa kwako.

Kule chini kijana alilamba kiganja, akainua mguu mmoja akapangusa soli ya kiatu, kisha wa pili. Orville alikijua kile kiganja. Zamani alikuwa akikiona kila jioni kupitia dirisha la jikoni, mwanawe akirusha mpira kwenye goli lililopigiliwa juu ya mlango wa gereji.

— Anaitwa Emmett, akasema. Ni wa Lyle.

Lyle wenzake walimjua, na waliyajua yaliyotokea. Siku alipozikwa Bernadine, mke wa Orville, baba na mwana walibaki jikoni na sahani za waombolezaji, wakaanza na suala la kuuza nyumba wakaishia kwenye maneno ambayo mtu hawezi kuyarudisha. Lyle akamfunga mwanawe mkanda kwenye gari, akaondoka na matope ya makaburini yakiwa bado viatuni. Emmett alikuwa na miaka mitano. Tangu hapo Orville alisikia habari zao kwa watu, na zenyewe zilikuwa zikipungua kila mwaka.

Mpira ukarushwa, mechi ikaanza, na kwa muda mrefu benchi la kona likawa na adabu ambayo halijawahi kuwa nayo.

Shemasi ndiye aliyeshindwa kuvumilia.

— Sikiliza, Posta. Akija kwenye mstari, utampigia miguu kama mgeni mwingine. Angetaka heshima angekuja kusoma hapa.

— Angekujaje? alisema Daktari. Kwa kadi ipi ya Krismasi aliyotumiwa?

— Namwambia tu! Watu wanamtazama yeye. Asipoanza, wataduwaa.

— Waduwae.

— Mnasema juu yangu kama sipo, alisema Orville.

— Upo? aliuliza Daktari. Kikombe chako kimepoa hujakigusa. Bisi nimekuletea, umezimwaga.

Orville alitazama miguuni akaona kweli. Kijana alikuwa anacheza vizuri. Hakuwa na mbwembwe, alitoa pasi mapema, na mara mbili alimnyang'anya mpira nahodha wa Tarkwell kana kwamba anamwondolea mzigo. Mara ya pili Orville alijikuta amesema "ehee!" kwa sauti, na mama wa safu ya mbele akageuka kumtazama.

Zikafika sekunde za mwisho. Tarkwell walikuwa mbele kwa pointi moja. Emmett Stuckrath akapenya katikati, akagongwa, akaanguka mpaka chini ya goli la kona. Refa akapuliza. Mitupo miwili.

— Refa nguruwe! alipiga kelele Shemasi. Halafu akakumbuka ni nani aliyegongwa, akaketi.

Kijana alisimama kwenye mstari. Akalamba kiganja. Ukumbi mzima, wanafunzi waliojipaka rangi, wakulima wenye kofia za kampuni za mbegu, mabibi wenye mito ya kukalia, wote wakageuza shingo kuitazama kona ya kaskazini.

Orville alikuwa na magoti mabovu, lakini hayakuwa yanamuuma. Aliweza. Miguu ilikuwa pale pale juu ya mbao, na maelfu ya watu waliomjua tangu ujana walikuwa wanaisubiri. Akaikunja chini ya benchi.

— Posta, alinong'ona Shemasi. Posta, wanakungoja.

— Waache wangoje.

Baadhi ya wanafunzi wakaanza wenyewe, huku na huku, bila mpango, kama mvua inayoanza kwenye bati na kukata. Mtupo wa kwanza ukaingia. Sare. Kijana akapangusa soli, akadunda mpira, na mtupo wa pili ukazunguka chuma cha goli, ukasita, ukaingia. Tarkwell walirusha mpira wa kubahatisha kutoka mbali. Haukugusa hata ubao. King'ora kikalia.

Ukumbi wa Hoke ukinyamaza, unanyamaza kweli. Unasikia maji kwenye mabomba. Katika kimya hicho mtu mmoja alikuwa anapiga makofi, polepole na kwa nguvu, kutoka juu kabisa. Orville alikuwa amesimama.

— Kaa chini, Shemasi alimvuta koti. Orville, kaa chini, watu wanakuona.

— Wananijua.

— Kesho kanisani nitawaambia nini?

— Waambie niliamka nimesimama.

Daktari aliweka kikombe chake sakafuni, akapiga makofi matatu madogo, kama mtu anayepangusa unga, halafu akajikohoza.

Kule chini, katikati ya wenzake waliokuwa wakimrukia mgongoni, kijana alikuwa ameinua uso anatafuta sauti inatoka wapi.

Watu wakatoka wakiburuza miguu, wengine wakimtupia Orville jicho la lawama. Watatu hao hawakuondoka. Hawakuwa na kawaida ya kuondoka kabla kahawa haijaisha, na mchana huo walikuwa wanainywa kwa uchoyo mno. Kisha wakasikia viatu vya mpira kwenye mbao. Kijana alikuwa anapanda, taulo shingoni, nywele zimelowa.

— Habari zenu, wazee wangu. Nani kati yenu alikuwa anapiga makofi?

Shemasi, ambaye hajawahi kuwa wa pili kujibu, alimwonyesha kwa kidevu.

— Mimi, alisema Orville. Naitwa Orville Stuckrath.

Kijana aligeuza kichwa nyuma ya bega lake, kama mtu aliyeambiwa ana kitu mgongoni. Alipomtazama tena, alimtazama muda mrefu.

— Nilidhani utakuwa mrefu zaidi, akasema.

— Nilikuwa. Posta ilinipunguza.

Kijana akacheka, na kicheko kilikuwa cha Bernadine. Orville akataka kusema mambo mengi, lakini lililotoka lilikuwa moja.

— Umecheza vizuri. Ile pasi ya kipindi cha kwanza, ya kwenye kona. Vizuri sana.

— Asante, babu.

Neno hilo lilipita katikati ya wazee watatu, na hakuna aliyethubutu kuligusa. Emmett alizungusha macho: paa, madirisha, mbao, bendera za zamani.

— Baba aliniambia habari za ukumbi huu, akasema. Alisema hakukosa mechi hata moja mpaka alipokwenda chuo. Alikuwa anakaa wapi?

— Hapa hapa, alisema Shemasi mara moja. Benchi hili.

— Wapi, Merle? aliuliza Daktari. Hapa nilikaa mimi. Pale ulikaa wewe. Pale mama yake.

— Basi kule mwisho.

— Kule mwisho alikaa marehemu Vernon na miguu yake mirefu.

— Labda alisimama.

— Miaka yote hiyo?

Shemasi alikuwa anakumbuka matokeo ya mechi zilizochezwa kabla kijana huyu hajazaliwa, na nani alikosa, na kwa mkono upi. Daktari alikuwa anakumbuka majina ya ng'ombe. Wakamtazama Orville.

— Sijui, alisema Orville. Sauti yake ilikuwa ndogo. Nilikuwa natazama mpira.

Huko chini mfagiaji alikuwa anasukuma bisi kwa ufagio mpana.

— Si kitu, alisema Emmett. Ngoja nimuulize mwenyewe. Huwa anasubiri nimpe matokeo.

Akatoa simu mfukoni kabla mtu hajamzuia.

— Baba? Tumeshinda. Kwa moja. Ndiyo, mimi. Yote miwili. Sikiliza, niko kule juu, kwenye benchi la kona. Hapa Hoke. Ulikuwa unakaa wapi?

Alisikiliza. Orville alitazama viatu vyake.

— Anasema hakukaa kwenye benchi, alisema kijana. Anasema mbele yenu kulikuwa na watu wakubwa, alikuwa haoni. Alikuwa anakaa chini kwenye ngazi, hapa, amekuegemea mguu. Anasema ndivyo alivyokuwa anajua kwamba unakaribia kuanza kupiga. Alikuwa anausikia ukikaza.

Daktari aligeukia dirishani. Shemasi alivua kofia yake akaitazama ndani.

— Anauliza niko na nani, alisema Emmett, na akanyoosha mkono wenye simu.

Orville alipangusa kiganja kwenye suruali, mara mbili. Akaipokea. Kwa muda alisikia pumzi tu, kutoka mbali huko Ohio, na redio jikoni kwa mtu.

— Lyle, akasema. Mtoto wako katufunga.