Babu Brashi: Miaka Thelathini na Minne Ukutani

Leo ni Jumatano, tarehe 19 Novemba, na ninaahidi kueleza yote, hata lile ambalo Mwalimu Mkuu amelitafuta kwa miaka mitatu bila kulipata.

Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 28 Novemba, shule yetu itamuaga fundi wake wa rangi na matengenezo, anayestaafu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Kwenye faili la ofisi ana jina refu la heshima. Sisi wengine, kuanzia Kidato cha Kwanza mpaka Mwalimu Mkuu anapojisahau, tunamwita Babu Brashi.

Mwalimu wa Kiswahili amenipa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Alinionya kwamba wasifu wa mstaafu hauwekwi mazungumzo. Nimejitahidi. Lakini Babu Brashi hajawahi kunyamaza kwa muda wa kutosha kuandika aya nzima, kwa hiyo naomba radhi mapema.

Alifika hapa akiwa kijana, akiwa ameitwa kupaka rangi mabweni mawili, kazi ya wiki tatu. Alipomaliza bweni la pili, la kwanza lilikuwa limeshaanza kubanduka. Akarudi la kwanza. Hivyo ndivyo alivyoajiriwa, na mpaka leo anasema bado hajamaliza ile kazi ya wiki tatu.

Tangu hapo ametengeneza vitasa, amezibua mabomba, amepachika vioo, na mara nane amechomoa vipande vya penseli kwenye tundu la kufuli la maktaba, tunakofanyia mitihani, siku ya mtihani wa hesabu. Mara zote nane alikuta wasichana wamejipanga mlangoni na nyuso za huzuni. Mara zote nane alifungua kufuli katika dakika mbili, akasema, “Poleni sana, wajukuu zangu. Mtihani upo.”

Lakini kazi yake kubwa ni ukuta. Ukuta wa nje wa kanisa la shule unatazama uwanja tunaopanga mistari kila asubuhi. Katika mwaka wake wa kwanza, mchungaji wa wakati ule alimwomba aandike hapo maneno mawili, ili msichana aliyeamka na mzigo moyoni ayaone kabla ya kuona kitu kingine. Juu aliandika MUNGU, mahali panapohitaji ngazi. Chini yake aliandika HABADILIKI, mahali panapofikiwa na mkono. Mwaka uliofuata, jua na mvua vilikuwa vimeshakula nusu ya maneno. Babu Brashi akachukua ngazi. Na kila mwaka, Jumamosi ya kwanza ya muhula wa kwanza, amechukua ngazi tena.

Hapo ndipo utani wote wa shule hii ulipoanzia. Maneno yasemayo kwamba Mungu habadiliki yamebadilika mara thelathini na nne. Hakuna aliyewahi kununua rangi kwa ajili ya ukuta ule. Babu hutumia iliyobaki mahali pengine. Mungu habadiliki alikuwa wa bluu mwaka wa matangi ya maji, wa kahawia mwaka wa milango, na wa rangi ya waridi mwaka walipopaka chumba cha wagonjwa. Mwaka huo wa waridi ndio askofu aliotutembelea. Wanasema alisimama mbele ya ukuta, walimu wote wakiangalia viatu vyao, kisha akauliza kama imebaki kidogo kwa ajili ya geti lake.

Herufi nazo zimenenepa. Kila rangi mpya hukaa juu ya ile ya zamani, na brashi hupita nje ya mstari kwa unywele mmoja. Mama yangu, aliyesoma hapa, anasema zamani zake herufi zilikuwa nyembamba kama wao wenyewe. Sasa D ya katikati ina mwili mpana kuliko kiganja, na zote zimetokeza ukutani kama mikate.

Mzaha wa Kidato cha Pili wa kila mwaka ni kumzunguka Babu akiwa kwenye ngazi na kumuuliza, “Babu, kama Mungu habadiliki, mbona kila mwaka unampaka upya?”

Naye hujibu bila kugeuka, “Nampaka nani? Napaka ukuta. Anayechakaa ni ukuta, na rangi, na mgongo wangu. Yeye hajawahi kuniita nikamtengeneze.”

Mwaka jana nilikuwa mmoja wao, na nilifikiri nina swali la kumwangusha kwenye ngazi. Nilimwambia kwamba mjini Ninawi Mungu alisema ataangamiza, kisha hakuangamiza. Je, huko si kubadilika? Wenzangu walipiga makofi. Babu Brashi alishuka taratibu, akafuta mikono, akaniambia niende mpaka kwenye bomba la maji, mwisho wa uwanja.

“Herufi unazionaje?” akapaza sauti.

“Ndogo, Babu!”

“Njoo sasa. Njoo, njoo, usiogope. Hapo je?”

“Kubwa.”

“Ukuta umesogea?”

Wenzangu wakacheka. Akarudi kwenye ngazi yake. “Watu wa Ninawi walikuwa wamempa mgongo, wakageuka,” alisema, akichovya brashi. “Yeye alikuwa pale pale, anachukia ubaya na kuhurumia anayetubu, kama alivyokuwa siku zote. Sasa toka hapo, mjukuu wangu, nitakudondoshea.”

Mchungaji wetu wa sasa anakiri kwamba ametumia mfano huo katika mahubiri matatu bila kusema ameutoa wapi. Ameniomba niandike hapa kwamba anatubu.

Kuna tatizo moja katika tabia ya mstaafu wetu, nalo ni kwamba kwa kumwandika asiyebadilika kwa miaka mingi, amemwiga. Kikombe chake ni kile kile, kimevunjika mkono na kimeunganishwa kwa gundi. Ovaroli yake ni ile ile. Ukimwambia jambo jipya, hujibu, “Mimi sibadilishi.” Mkewe, fundi cherehani anayetushonea sketi, nilipomwendea kwa ajili ya wasifu huu alisema, “Mwanangu, huyu anadhani na yeye ni Mungu. Lakini Mungu husikia maombi! Mimi nimeomba mlango wangu upakwe rangi tangu harusi.” Nimeuona mlango wenyewe. Mama huyu hasemi uongo.

Na jambo asilobadilisha kuliko yote ni brashi ya ukuta. Anayo moja, pana, yenye mpini uliofungwa kitambaa, anayoiosha na kuitundika kwenye msumari wake. Katika miaka thelathini na minne hakuna mtu mwingine aliyeishika. Mchungaji aliwahi kuomba apake japo nukta ya I. Babu alimwambia herufi kubwa hazina nukta.

Sasa nafika kwenye ahadi niliyotoa mwanzoni.

Katika juma langu la kwanza Kidato cha Kwanza, ukuta ulikuwa umetoka kupakwa rangi ya kijani. Palining’inia kibao: RANGI MBICHI, USIGUSE. Nilikuwa sijawahi kulala nje ya nyumba yetu. Nyumbani tulikuwa tumehama mara mbili mwaka ule, mama alikuwa amebadilisha kazi, na nguo zangu zote zilikuwa na majina ya binamu zangu. Nilisoma neno lile, HABADILIKI, nikatazama kulia, nikatazama kushoto, nikaweka kiganja changu chote cha kulia kwenye D. Sina maelezo mazuri zaidi ya hayo. Nilitaka kujua kama ni kweli.

Mkono ulizama. Nilipoutoa, D ilikuwa na vidole vitano na mimi nilikuwa na kiganja cha kijani. Kwa siku mbili niliuficha mfukoni, nikijibu maswali kwa mkono wa kushoto mpaka mwalimu wa jiografia akaandika kwenye daftari lake kwamba nina shoto. Siku ya tatu, kwenye bomba la bweni letu, nilikuta chupa ndogo ya mafuta ya taa na kitambaa safi. Nilidhani ni bahati.

Alama ilikuwa rangi juu ya rangi ile ile, kwa hiyo hakuna jicho lililoiona. Aliyeigundua ni rafiki yangu wa dawati, ambaye haoni. Kila asubuhi tulipojipanga kuingia kanisani alikuwa akisoma zile herufi nene kwa vidole. Aliweza kufikia mstari wa chini tu, na kwa muhula mzima alidhani HABADILIKI ni tangazo kuhusu chakula cha jioni. Asubuhi moja alisimama ghafla akasema kwa sauti ya mstari mzima kusikia, “Jamani, kuna mtu ndani ya D!”

Mwalimu Mkuu alikuja na rula. Akatupanga Kidato cha Kwanza wote, akaamuru kila mmoja aweke mkono wake kwenye alama. Mwenye kutoshea angefukuzwa bweni na kurudi kwao kwa wiki mbili. Kwetu wakati ule palikuwa chumba kimoja, na mama alikuwa na zamu za usiku. Nilikuwa wa kumi na tisa. Wa kumi na saba alikuwa anajaribu wakati Babu Brashi alipopita na ndoo, akaweka ndoo chini.

“Mwalimu, waache watoto wakasome. Ukuta ni wangu, rangi ni yangu, mkono ni wangu.”

Mwalimu Mkuu akautazama mkono wake, mpana kama sahani. Akaitazama alama. “Mkono huu? Umepungua lini?”

“Kila kitu hupungua, Mwalimu,” akasema Babu. “Isipokuwa huyo aliyeandikwa hapo.”

Mwalimu Mkuu akaitia rula yake kwapani. Tukaenda darasani.

Mchungaji ananiambia kwamba jioni ile Babu alikwenda kwake kuuliza kama alichosema kilikuwa uongo. Walikijadili mpaka chai ikapoa. Wakakubaliana kwamba “mkono ni wangu” ilikuwa imevuka mstari kwa unywele mmoja, kama brashi yake, na akatubu kwa hiyo sehemu tu.

Sikumshukuru. Niliogopa kwamba nikimshukuru nitakuwa nimekiri. Januari iliyofuata, baada ya lile swali langu la Ninawi, nilisimama mbali nikimwangalia akipaka, nikijua alama itafunikwa na mambo yatakwisha. Alipofika kwenye D, alipunguza mwendo. Akazunguka kidole cha kwanza, akazunguka cha pili, polepole, mpaka vyote vitano. Akauacha mkono pale pale, kijani ndani ya manjano. Januari hii akafanya hivyo tena, kwa hiyo sasa ni kijani ndani ya kijivu. Wiki iliyopita niliujaribu. Mkono wangu hauingii tena. Vidole vinatokeza nje. Nimekuwa mkubwa, na alama imebaki ikinisubiri vile vile. Nadhani siku hiyo nilielewa somo la dini la mchungaji vizuri kuliko nilivyowahi kulielewa darasani.

Basi Mwalimu Mkuu, ambaye atasoma karatasi hii kabla ya wageni: mkono ule ulikuwa wangu. Niko tayari kwa adhabu baada ya sherehe, kama inawezekana baada ya keki.

Limebaki jambo moja. Kwa kuwa Babu Brashi anaondoka, ofisi imeagiza bango la plastiki lenye maneno yale yale, na ukuta utapakwa chokaa. Fundi wa mabango ametoa dhamana ya maandishi: MUNGU HABADILIKI, miaka mitano, bila kufifia. Babu alionyeshwa ile dhamana. Aliisoma mara mbili, akairudisha. “Mitano tu?” akasema, akaondoka na ndoo yake. Lakini Mwalimu Mkuu ametoa nafasi: akipatikana mtu wa kupaka ukuta kila Januari, aliyefundishwa na Babu mwenyewe, bango halitatundikwa. Jina lifike ofisini kabla ya sherehe.

Jumatatu nilikwenda kwenye chumba chake cha vifaa kumwomba. Nilimkuta anaosha brashi. Nilisema habari za leo, nikasema jua ni kali, nikatoka.

Kwa hiyo naandika. Kwa niaba ya wanafunzi wote, waliopo na mama zao, tunakushukuru, Babu Brashi, kwa mabomba, kwa vioo, kwa mitihani uliyotufungulia, na kwa kutupa kitu kimoja cha kutazama asubuhi ambacho hakikutegemea tumeamkaje. Tunakuombea mgongo uliopumzika, kikombe kisichovuja, na siku nyingi njema pembeni ya mama, ambaye tafadhali umpakie ule mlango.

Rafiki yangu wa dawati ndiye atakayekuletea nakala hii kesho asubuhi pamoja na mtu wa kukusomea, kwa maana miwani yako najua iko wapi: juu ya kopo la vanishi, wala huivai. Atasubiri hapo hapo mlangoni. Mpe jibu yeye. Ana kumbukumbu nzuri kuliko ofisi.

Mungu habadiliki, Babu. Hilo umenifundisha kwa miaka mitatu na sina swali tena. Lakini wewe si Mungu, na mkeo anaweza kuthibitisha. Je, utabadilika mara moja tu, Jumamosi ya kwanza ya muhula wa Januari, unishikishe hiyo brashi?