Dada Aliyezuia Ndege Wasigongane na Ndege

Ndugu, jamaa na majirani mliofika, familia imeniomba mimi, kitinda mimba, niwasomee maisha ya dada yetu, ambaye kazini walimwita Mama Korongo, na nyumbani tulimwita Dada tu, hata sisi tuliokwisha ota mvi.

Alizaliwa tarehe 14 Agosti 1961, mtoto wa tatu wa fundi seremala na mshonaji, katika nyumba iliyojaa maranda ya mbao na vipande vya vitambaa, na mbayuwayu walikuwa wamejenga viota vya udongo chini ya paa la karakana. Baba alipotaka kuvibomoa kwa sababu ya kinyesi kilichoangukia kabati za wateja, Dada, akiwa na miaka minane, alisimama mlangoni akagoma kupisha ngazi, mpaka Baba akachoka, akapigilia ubao chini ya viota yakaisha.

Alisoma msingi na sekondari kwa bidii, mwalimu wake wa biolojia akamwazima darubini ambayo hakuidai tena, na mwaka 1985 akahitimu shahada ya zoolojia. Aliajiriwa na jumba la makumbusho, akawapanga ndege waliokaushwa kwa familia zao, akitazama midomo, kucha na mbawa, kazi aliyoipenda isipokuwa harufu ya dawa ya nondo, iliyomfuata hadi kwenye daladala za watu na kumpatia nafasi ya kukaa peke yake.

Mwaka 1991, baada ya mwewe kuingia kwenye injini ya ndege iliyokuwa ikiruka, uwanja wa ndege ulimwita, na tangu hapo mtu akimuuliza anafanya kazi gani, alijibu kwamba anazuia ndege wasigongane na ndege, kisha akaacha mtu ahangaike. Aliwafundisha wenzake kwamba kanga hukimbia kwanza na kuruka baadaye, kwa hiyo wafukuzwe mapema, kwamba mbayuwayu hufuata wadudu wanaotimka nyasi zikikatwa, kwa hiyo zisikatwe wakati wa safari nyingi, na kwamba mwewe huja kwa mizoga, kwa hiyo dawa yake ni usafi, si baruti.

Alifunga ndoa tarehe 5 Juni 1993 na mwongozaji ndege wa mnarani, ambaye alimpenda kwa sauti ya redio kabla ya kumwona, wakajaliwa binti na mvulana, na wakawekeana sharti kwamba redioni hakuna mke wala mume.

Sharti hilo lilivunjika asubuhi ya tarehe 3 Novemba 2004. Ndege ya abiria ilikuwa imezunguka dhoruba, mafuta yakiwa yamepungua, na upande mmoja wa njia ya kutua ulikuwa umefungwa kwa matengenezo, na juu ya upande uliobaki kundi kubwa la korongo lilikuwa likizunguka. Meneja wa uwanja alikuja mbio akaamuru fataki zipigwe kuwatimua. Dada alijua kwamba korongo ni ndege wazito, hawapendi kupiga mbawa, hupanda juu kwa hewa ya joto kisha huteleza kwenda zao, na kwamba wakishtuliwa wangali chini wangetawanyika ovyo mbele ya rubani. Alifunga kasha la fataki, akalikalia.

"Inuka, mama, watu watakufa!" meneja alipaza sauti.

"Nikiinuka ndipo watakufa," alisema, akashika redio. "Mnara, izungushe tena."

Mumewe akauliza, wote wakisikia, "Mama watoto, una hakika?"

"Hakika sina. Korongo nawajua."

Ndege ikazungushwa. Dada aliganda pale juu ya kasha, darubini machoni, viwiko magotini, na korongo walionekana kana kwamba hawapandi kabisa, huku meneja akimwita majina ambayo sitayasoma mbele yenu. Hatimaye wa juu kabisa alinyoosha mbawa akateleza kuelekea mabondeni, wengine wakamfuata, na Dada akasema neno moja, "Ishuke." Ilitua salama, naye ndipo akainuka kwenye kasha.

Alisimamishwa kazi, na kamati ikaamua kwamba alikuwa sahihi kwa matokeo ila alikosea utaratibu, sentensi aliyoichukia hadi kufa. Alirudishwa mwaka uliofuata, akafanya kazi mpaka alipostaafu mwaka 2021.

Moyo wake ulianza kuchoka mwaka jana, akalazwa mara kadhaa. Asubuhi ya Jumanne iliyopita mumewe alifungua dirisha la wodi, akidhani angependa kuwasikia ndege mtini. Dada akamwambia, "Funga, baba watoto, wananizuia kukusikia." Alilifunga, akakaa, wakaongea mambo ya nyumbani hadi alipolala, na hakuamka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kununa, ingawa aliwabishia dawa zote, majirani waliotupikia, na wenzake wa uwanjani, pamoja na yule meneja, ambaye amefika na ameketi nasi.

Dada, umechoka vya kutosha. Pumzika kwa amani.